Daftari lenye madoa ya saruji
Wiki nzima tumekaa hapa Tanga, watu sita, tukiandika vigezo vya kumpima msimamizi wa miradi kwa umahiri wake, si kwa kukariri. Tulianzia kwenye mwongozo wa 2015 wa IPMA, shirikisho la kimataifa la usimamizi wa miradi. Una vipengele 28 vya umahiri kwa msimamizi wa mradi, na 10 vinahusu watu: kuongoza, kuwasiliana, kusuluhisha ugomvi. Nimeupenda kwa hilo.

Jana tukafanya jaribio. Akaja mzee mmoja wa Ngamiani, kazeekea kwenye ujenzi, cheti hana. Maswali ya karatasi yakamshinda. Tukamwambia, basi mzee wetu, tusimulie mradi uliowahi kukwama. Akatoa daftari lenye madoa ya saruji: siku gari la kokoto lilipochelewa, mafundi gani aliwahamishia kwenye plasta, nani alilipwa nini. Mpango, bajeti, tahadhari, vyote vimo, ila hajawahi kuviita hivyo.

Koo lilinikaba, kweli.

Nimependekeza ushahidi wa kazi na mahojiano vibebe alama nyingi kuliko mtihani. Wawili wanapinga, wanahofia kughushi, na hofu yao ina msingi. Jumatatu tunaanza na hilo: kuwapigia wateja na mafundi waliokuwepo saiti.