Ni kweli, Mwalimu?

Nayasikia maneno hayo tangu Ijumaa. Nikipika nayasikia, nikisahihisha madaftari nayasikia, na jana usiku baba watoto ameniita mpaka akaamua kunigusa bega.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo makubwa. Moko ya Kidato cha Nne imekwisha, mdogo wangu amejifungua salama kule Morogoro (ahsanteni wote mliotuombea), na klabu ya ramani imefanya maonyesho na kugawa vyeti. Nitayaandika. Leo siwezi, kwa sababu kuna dakika mbili tu za Ijumaa ambazo hazijaniachia.

Mnamkumbuka binti wa Kidato cha Tatu niliyemwandika wakati wa masika, yule aliyelelewa na bibi yake Jangwani, ambaye sasa anakaa kwa shangazi yake Mbagala na anatoka nyumbani kukiwa bado giza ili awahi kipindi cha kwanza. Yeye ndiye aliyepangiwa kuieleza ramani kubwa tuliyoibandika ukutani, ile ya bonde la mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, yenye nyumba, mifereji, vioski vya maji na vijia vyote walivyopita kwa miguu. Mgeni rasmi akafika, akasimama, akaweka kidole kando ya mto.

"Hapa mbona patupu? Mimi nimeangalia kwenye simu kabla sijaja. Picha ya setilaiti inaonyesha nyumba zimejaa."

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba."

"Picha ile ni ya zamani. Watu walilipwa fidia wakaondoka, nyumba zikavunjwa. Tulikwenda na mjumbe tukaangalia moja moja. Hapa palikuwa na nyumba ya bibi yangu."

Mgeni rasmi akainua macho, akayapitisha juu ya kichwa cha binti, akanitazama mimi.

"Ni kweli, Mwalimu?"

"Aliyepita pale ni yeye, mheshimiwa. Ushahidi anao."

Akatabasamu, akampa mkono, akamwambia asome kwa bidii, akaenda meza ya wenzetu wa Kemia. Basi. Hakuna aliyekaripiwa, hakuna aliyelia. Baba watoto ananiuliza kosa liko wapi, na nikimsimulia naona jinsi lisivyoonekana.

Kinachonirudisha pale ni mkono wa yule binti. Chini ya meza alikuwa na mkoba wenye kila kitu: karatasi za uwandani zenye tarehe, sahihi ya mjumbe, picha za misingi iliyobaki. Mgeni alipouliza habari ya patupu, aliinama kuuchukua. Mkono ulikuwa tayari ndani ya mkoba swali liliporushwa kwangu. Nikamwona anautoa mtupu, anasimama wima, anaiweka mikono nyuma kama wanavyofundishwa tangu darasa la kwanza.

Mimi sijawahi kulala Jangwani hata usiku mmoja. Nilizaliwa Korogwe, nimepanga Tabata. Mtu aliyeijua nyumba ile, akajua choo kilikuwa upande gani na maji yalifika dirisha lipi, alikuwa amesimama mbele yake akiwa na sare safi na soksi nyeupe, na yeye akaomba uthibitisho kwangu. Angeuliza "Mmehakikishaje?" ningefurahi mpaka leo. Hilo ni swali la kitaalamu, na watoto wamelifanyia mazoezi.

Kwa sababu wamefanya kazi, jamani. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo tulichapisha vipande vya ramani kwenye karatasi, wakatembea navyo na kalamu, wakaandika kila walichokiona, kisha wakarudi kuingiza kwenye kompyuta za maabara kwa zamu. Wanaingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ile ya wote ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisahihisha. Siyo jambo geni katika jiji hili. Tandale ilichorwa hivyo mwaka 2011, na mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za mitaa ya jiji, ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata zinazofurika pamoja na wenyeji. Ila hao walikuwa watu wa chuo. Wangu bado wanaandika majina yao kwenye madaftari kwa kalamu ya rangi.

Walipouliza wazee kuhusu kina cha maji, hawakuuliza mita. Waliuliza: yalifika kwenye kifundo, gotini, kiunoni, kifuani? Bibi mmoja wa Kigogo alisimama akaonyesha kwa kiganja shingoni pake, mwaka 2011, ile Desemba ambayo baada yake watu wa bondeni walipelekwa Mabwepande. Kila jibu likawa nukta yenye rangi yake. Mtoto aliyekuwa akilia kwa usomaji wa ramani, swali ambalo nusu ya darasa huliruka kwenye mtihani, sasa anakwambia kwamba kwenye ramani ya shule ya 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita, kwa hiyo mtaa wao wote unafunikwa na kidole gumba, na ndiyo maana ilibidi wachore ya kwao. Sikumfundisha kulisema hivyo. Alilipata mwenyewe akiwa amesimama juani.

Na kuna jambo jingine ambalo halikusemwa Ijumaa. Vyeti vilikuwa vya wanafunzi, na inastahili. Lakini Mzee wetu wa Fizikia, ambaye amebakiza muda mfupi astaafu, alijifunza QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, peke yake, jioni, kwa kompyuta ya mwanawe. Akapakua data za mwinuko ili aonyeshe maji yanakwenda wapi, akagundua kwamba kila kipimo kimoja kinafunika eneo la mita thelathini kwa thelathini, na mtaro wa mtaani unapotea humo ndani. Mwingine angeishia hapo. Yeye akaazima kwa fundi ule mpira mwembamba unaoonyesha maji, wanaopimia usawa wa msingi, akaingia mtaroni na vijana wa Kidato cha Pili, mmoja ameshika huku, mwingine kule. Wakapima kipande kwa kipande. Wakakuta mtaro katikati unapanda. Unapanda! Maji yanafika pale yanarudi kwenye nyumba za watu, na miaka yote lawama zilikuwa kwa takataka peke yake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa amekwisha kuomba nakala ya mchoro ule. Mzee alipoambiwa alifuta ubao, akasema tuendelee na kipindi. Ninamwandika hapa kwa sababu ninataka jambo hili liandikwe mahali.

Basi, Jumatatu. Nilikuwa nimejiandaa kuongea na yule binti. Nilipanga maneno njiani kote: kwamba asivunjike moyo, kwamba mtu mzima anaweza kumruka mtoto bila kukusudia. Baada ya vipindi nikaingia maabara. Kabla sijafungua mdomo:

"Madam, njoo uone."

Alikuwa amefungua historia ya nyumba ya bibi yake. Wengine hamjui kwamba kwenye ramani hii kitu kikifutwa hakipotei kabisa, matoleo yake yote yanabaki na tarehe na jina la aliyeyaweka. Toleo la kwanza, 2015: mtu amechora paa, pembe nne. Toleo la pili: mtu mwingine ameongeza kwamba kuna duka. Ni kweli, bibi aliuza mkaa na barafu barazani. Toleo la tatu: imefutwa, jina la mtandaoni ni lake yeye mwenyewe, na maelezo aliyoyaandika: "Imebomolewa. Tumethibitisha uwandani."

Nikataka kumpa pole. Yeye alikuwa na shughuli na toleo la pili.

"Huyu aliyeandika duka, Madam, si lazima alifika? Duka halionekani kutoka angani. Alifika mpaka barazani. Bibi lazima alimkaribisha chai." Akasogea karibu na kioo. "Ninaweza kumwandikia?"

Nikamwambia anaweza. Akaanza pale pale, kwa Kiswahili, na salamu ndefu kama anamwandikia mjomba.

Nikamuuliza sasa habari ya Ijumaa, taratibu. Akafikiri kidogo. "Yule mheshimiwa? Mimi nilifurahi. Aliangalia picha ya setilaiti kabla hajaja. Wengine wote waliniuliza nimetumia rangi gani."

Nimelizungusha jibu hilo nalo. Mimi bado naona swali lilikwenda kwa mtu asiyehusika, na akija mgeni mwingine nitasogea nikae nyuma ya wageni ili asiwe na wa kumgeukia. Lakini nilipotoka maabara nilikuwa mwepesi, ninaimba kwenye ngazi, na mlinzi akaniuliza kama mishahara imetoka. Yule binti aliona mtu mkubwa amekuja na swali halisi kuhusu kazi yake. Aliichukua sehemu hiyo, nyingine akaiacha pale mezani, na hakuna aliyemfundisha kuchagua hivyo. Bibi yake, nadhani.

Kazi ya muhula ujao ni bonde la juu, kwa sababu mto unaanzia milima ya Pugu na watoto wanataka kujua kwa nini mtaro wao unajaa siku ambayo kwao haijanyesha. Nauli ya kuwafikisha huko bado sijaipata. Nitaanza kuongea na wazazi mapema.

Nimeandika mpaka hapa Mama amepiga simu kutoka Korogwe. Jicho la kulia sasa haoni vizuri kabisa, daktari amesema ni mtoto wa jicho, upasuaji ni mfupi, na tarehe amepewa. Hataki kwenda. Anasema shoga yake alifanyiwa na hakupona, nami namkumbuka huyo shoga, alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Kaka anasema tumwache mpaka akubali mwenyewe. Mimi naona akisubiri sana atakuja kuanguka kwenye zile ngazi za nyuma zisizo na ukingo. Kama kuna aliyempeleka mzazi mbishi akakubali, aniambie alianzaje kuongea naye, maana nakwenda huko Jumamosi.