Oktoba ya Dodoma na gari lililokuwa linachemsha

Mwaka wa tatu sasa gari langu halijachemsha. Naandika kwa sababu juzi tu nimemsikia kijana akiambiwa ang'oe kile kidude cha kudhibiti joto la injini, "Toa themostati kaka, huku kwetu joto." Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikakubali.

Kila ikifika Oktoba, kabla mvua za Desemba hazijaanza, mshale wa joto ulikuwa unapanda saa nane mchana nikiwa kwenye foleni mjini. Fundi akang'oa themostati, akachukua elfu ishirini na kitu, akasema tatizo limekwisha. Julai ilipofika, na baridi ya asubuhi ya Dodoma mnaijua, natoka Nkuhungu mpaka mjini mshale bado umelala chini na mafuta yanaisha haraka. Kile kidude huzuia maji yasipite kwenye rejeta, yaani kipoza maji kilicho mbele ya injini, mpaka injini ifike nyuzi kama 82. Kukitoa ni kuiacha injini ifanye kazi ikiwa baridi. Na Oktoba iliyofuata gari likachemsha vilevile!

Safari hii lilinishika pabaya. Nampeleka mama Babati, Kondoa tumeshaipita, tunapanda milima ya Kolo, kona juu ya kona, gia ya pili. Mshale ukaanza kuigusa alama nyekundu. Hapakuwa na mahali pa kuegesha pale konani. Nikakumbuka neno la dereva mmoja wa lori: nikazima kiyoyozi, nikafungua hita mpaka mwisho, nikashusha vioo vyote.

"Mwanangu, joto lote hili na wewe unawasha jiko?"

"Vumilia mama, tunalivuta joto la injini lije kwetu."

Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari, maji yaleyale ya injini yanapita humo. Jasho lilitutiririka, mama akijipepea kwa ncha ya khanga, na mimi macho kwenye mshale. Ukasimama. Halafu ukarudi, kidogo kidogo, upana wa ukucha. Tulipopata tambarare nikazima gari, tukakaa chini ya mti karibu saa nzima kabla sijagusa kofia ya rejeta. Ukiifungua ya moto maji yanakurukia usoni, msithubutu.

Niliporudi Dodoma nikampata fundi mzee. Hakugusa spana. Alichukua tochi akamulika kati ya kondensa, kile kipozeo cha kiyoyozi kilicho mbele ya rejeta, na rejeta yenyewe, akaniita: "Njoo uone, mwanangu." Palikuwa na blanketi! Vumbi jekundu, mbegu za nyasi, mabawa ya panzi, vyote vimeshikamana kama udongo wa kukandika nyumba. Upepo ungepita wapi? Akaosha kwa mpira wa maji, akitokea upande wa injini kwenda nje, bila presha kubwa ili zile pezi nyembamba zisilale. Tope lilitoka mpaka nikaona aibu.

Kisha akaniwekea kofia ya rejeta kiganjani. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi kama 96. Kofia isiyopasuka hubana presha, maji yakavuka 110 bila kuchemka. Yangu ilikuwa haibani kitu.

Akaniuliza nilikuwa najaza maji gani. Ya kisima. Akakwangua mdomo wa rejeta kwa bisibisi, ukatoka ukoko mweupe, uleule ulioko kwenye birika letu la chai. Alisafisha ndani, akaweka kulanti (maji maalum ya kupoza injini), kofia mpya na themostati mpya. Yote laki moja na ushee.

Kipindi cha vumbi naosha rejeta kila mwezi, na eya klina, chujio la hewa inayoingia kwenye injini, naikung'uta kila nikitoka njia ya vumbi. Hewa ya moto ni nyepesi tayari. Ukiiziba na njia, gari halivuti kabisa mlimani.

Oktoba iliyopita tumepanda Kolo tena saa nane mchana. Mshale ulikaa katikati njia nzima, na mama alilala mpaka Babati.