Dira ya shule iliyo kando ya ziwa

Shule nyingi za sekondari hapa Mwanza zimeandika dira, dhima na tunu zake kwenye ukuta wa jengo la utawala. Kwa kuwa nimeombwa, nikiwa mzazi, kushiriki katika kuziandika upya za shule ya kata anakosoma binti yangu, nimeyasoma maneno hayo kwa makini. Nidhamu, bidii na uadilifu ni mambo mema, lakini yameandikwa kana kwamba shule haina mahali ilipo.

Shule yetu iko karibu na mwalo, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na asubuhi yake kila mkono wa nyumbani huhitajika kuwaanika. Kwa hiyo ni katika majuma hayo ambapo wanafunzi huchelewa mstarini na wengine hawafiki kabisa. Mwalimu wa zamu, akiamini kwamba anailinda tunu ya nidhamu, humwadhibu mtoto ambaye tangu alfajiri amekuwa akifanya bidii ileile tunayoisifu ukutani. Napendekeza nidhamu ifafanuliwe kwa matendo: mzazi aitwe akumbushwe wajibu wake, maana kumkosesha mtoto masomo si jambo la kuvumiliwa, na masomo ya ziada yapangwe wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, ili wanafunzi wasitengwe na maisha ya wazazi wao. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeikaribia hoja hiyo kwa kuanzisha mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, nasi tunacho chuo cha uvuvi pale Nyegezi ambacho tunaweza kukiomba ushauri.

Lipo pia suala la uhai. Meli ya abiria ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, mamia ya watu wakapotea, na hadi leo wapo vijana wa ufukweni wanaomaliza kidato cha nne bila kujua kuogelea. Lengo la kila mwanafunzi kujua kuogelea nataka liandikwe waziwazi.

Kuhusu nembo sina neno; kitabu na mwenge vinatosha. Rasimu itakapofika kwenye bodi ya shule, nitaomba kila tunu iambatane na mwalimu wa kuisimamia, na ipangwe siku ya wazazi kuelezwa jinsi ilivyotekelezwa.