Kazi ya Moderata Si Kuzima

Hapa Nairobi, ukimtaja moderata mbele ya Mpresbiteri, atakayemfikiria kwanza ni kiongozi wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA). Cheo hicho kilikuja na wamisionari wa Uskoti, wala si uaskofu kwa jina jingine: moderata huchaguliwa na wenzake kwa kipindi maalumu ili aongoze mkutano wao, na huko Uskoti kwenyewe huhudumu mwaka mmoja tu. Walimu nao wana moderata wao, anayepitia maswali ya mtihani kabla hayajachapishwa.

Maana inayonivutia zaidi, hata hivyo, ni ya wanafizikia. Ndani ya mtambo wa nyuklia, moderata ni kitu kinachopunguza kasi ya nyutroni, zile chembe zinazopasua viini vya atomi, mara nyingi maji ya kawaida, maji mazito au grafaiti. Mtu angedhani kwamba kupunguza kasi ni kuzima, kumbe nyutroni iendayo polepole ndiyo inayopasua kwa urahisi zaidi kiini cha urani-235, na bila moderata mitambo mingi isingefanya kazi kabisa. Ule wa kwanza, uliowashwa na Enrico Fermi na wenzake mjini Chicago tarehe 2 Desemba 1942, ulijengwa kwa matofali ya grafaiti. Kuzima ni kazi ya fito nyingine, zinazomeza nyutroni.

Kwa mizani hiyo ndiyo nawapima wanaoongoza midahalo yetu ya urais, ambao nao huitwa moderata. Tarehe 11 Februari 2013, katika shule ya Brookhouse, wanahabari Linus Kaikai na Julie Gichuru walikabidhiwa wagombea wanane kwa usiku mmoja. Suala la kesi za Hague, ambako Uhuru Kenyatta alikuwa ameshtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambalo wengi walidhani litakwepwa kwa adabu, liliulizwa waziwazi, Kenyatta akalijibu, na Raila Odinga akapewa nafasi ya kumjibu, akazungumzia ugumu wa kuongoza serikali kwa Skype. Hakuna aliyenyamazishwa, na hakuna aliyeachwa ateke kipindi chote. (Mgombea Mohamed Abduba Dida, ambaye wengi hawakumjua, aliondoka akiwa gumzo la mji.)

Mambo yaliharibika baadaye. Tarehe 24 Julai 2017 Raila alisimama jukwaani peke yake, mpinzani wake hakufika, na tarehe 26 Julai 2022 ikawa zamu ya William Ruto. Mwongozaji asiye na pande mbili hana cha kupunguzia kasi, hivyo hulazimika ama kumhoji mgombea au kujivika nafasi ya mpinzani asiyekuwepo, na hilo la pili humwondolea haki ya kuitwa moderata. Kuelekea 2027, ningependa waandaaji watangaze mapema kwamba mgombea akibaki peke yake, kikao kitaitwa mahojiano na kitaendeshwa kwa kanuni za mahojiano, ikiwemo ile ya kurudia swali mpaka lijibiwe.