Kutoka Idjwi mpaka Kamalondo

Desemba 2010 baba alianika betri za redio juu ya bati siku mbili mfululizo. Usiku wa tarehe 14 tulikuwa watu zaidi ya ishirini uani kwetu, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, Kongo, tumeizunguka redio moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mazembe, klabu ya soka ya Lubumbashi, walikuwa Abu Dhabi wakicheza na Internacional ya Brazil. Kabangu alipofunga, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Kaluyituka alipoongeza la pili, kelele zilitoka mpaka kwa wavuvi waliokuwa ziwani na taa zao za kuvulia sambaza, samaki wadogo. Kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Siku nne baadaye Inter Milan walitufunga 3-0, na hata hivyo hakuna aliyewasema vibaya vijana wetu.

Nasema "wetu", na Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Idjwi. Neno hilo lilinisumbua miaka mingi. Nilitaka kwenda kuona kama nina haki ya kulitamka.

Basi nikadunduliza nauli. Boti ya mbao iliyonivusha kwenda Goma iliahidiwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri, ikang'oa nanga saa mbili, imejaa mananasi, ndizi na watu kupita kiasi, na jaketi za kuokoa maisha hazikututosha. Ziwa Kivu likitulia ni kama kioo, lakini upepo ukianza, mawimbi hayaulizi nani ana watoto. Mama mmoja alisali kwa sauti njia nzima, nami nilimshukuru kimoyomoyo. Goma nililala usiku mmoja, nikapanda ndege, na mchana nilikuwa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi.

Kitu cha kwanza kilichonigusa Lubumbashi ni ardhi yake. Kwetu tumezoea milima na maji. Huku ni tambarare, udongo mwekundu, na mbali linaonekana lile bomba refu la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha mabaki ya madini kando yake. Ilikuwa kiangazi, baridi ya asubuhi inauma masikio. Cha pili ni Kiswahili. Ninachoita bugali, yaani ugali, wao wanaita bukari, na nilipokosea mara moja mama mwenye mgahawa alinirekebisha huku ananiongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mechi ilikuwa Jumapili. Nilitafuta usafiri kwenda uwanjani, na mzee mmoja aliyekaa kwenye kibao mbele ya nyumba yake akaniuliza naenda wapi. Nilipomwambia, akasimama.

"Usitupe makuta yako, mutoto. Siye tunakujaka na miguu."

Alikuwa amevaa jezi ya mistari myeusi na myeupe, ya zamani sana. Kwapani ilikuwa imeraruka na kushonwa, na aliyeshona alihakikisha kwamba mstari mweusi wa kiraka unakutana sawasawa na mstari mweusi wa jezi. Niliitazama ile kazi ya sindano njia nzima. Ni mkewe aliyeishona, akaniambia, na sasa mkewe ni marehemu.

Tulitembea. Kila hatua kumi Papa, ndivyo nilivyomwita yule mzee, alisalimiwa, na kila aliyemsalimia alijiunga nasi: fundi viatu aliyefunga kibanda, mama na watoto watatu, vijana na ngoma. Papa aliniambia kwamba klabu ilianzishwa na wamisionari Wabenediktini mwaka 1939, kwa jina la Saint-Georges, na kwamba yeye alipokuwa mtoto iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Mwaka 1967 ilichukua kombe la klabu bingwa Afrika. Mwaka 1968 ikalichukua tena, mbele ya Étoile Filante ya Lomé, na hakuna klabu iliyokuwa imelitetea kombe hilo kabla yao. Mwaka 1969 na 1970 ikafika tena fainali, ikashindwa zote mbili. Zile mbili za kushindwa ndizo alizozisimulia kwa urefu. Alinitajia Kalala Mukendi, mfungaji wao, kama mtu anayemtaja kaka yake mkubwa.

Uwanja ni wa klabu yenyewe na uko Kamalondo, mtaani hasa. Unaingia watu 18,500. Ukiwa jukwaani unaona paa za nyumba na nguo zilizoanikwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukubwa, lakini kilichonishika ni ule ukaribu. Mama aliyekuwa mbele yangu alimwita mchezaji wa pembeni kwa jina, bila kupaza sauti sana, na mchezaji akageuka. Wale washabiki wanaojiita Cent Pour Cent hawakunyamaza hata dakika moja. Tarumbeta zikichoka, ngoma zinapokea. Bao moja lilitosha siku hiyo. Lilipoingia, kijana mmoja alikaa chini na kurukaruka kwa makalio kama alivyokuwa akifanya kipa Kidiaba, na jukwaa zima likajua anamkumbuka nani.

Si kila mtu mjini humo ni Mazembe. Jirani wa Papa ni Lupopo, klabu ya watu wa reli, nayo ya mwaka 1939. Tuliporudi tulimkuta mlangoni na jezi yake ya buluu na njano, akatupa mkono, akauliza matokeo ambayo hakika alikuwa ameshayasikia kutoka kwenye kelele. Hapo niliona kwa nini mapenzi haya hayachujuki: mtu anapita mbele ya mlango wa timu yake kila siku akienda sokoni, na mpinzani wake anaishi upande wa pili wa ukuta. Sisi kisiwani tuna mapenzi yaleyale, ila yamepanga nyumba ya mbali. Inaniuma kwamba kisiwa chenye watu wengi hivyo, na watoto wanaopiga mpira kutwa, hakina mlango kama ule.

Papa alinikalisha, tukala bukari na samaki wa tomsoni. Akauliza kama kwetu kuna uwanja. Nikamwambia upo, uko kwenye mteremko, na mpira ukitoka upande wa chini unaingia ziwani, na yupo mtoto ambaye kazi yake ni kuogelea kuufuata.

Hakucheka. Aliweka tonge chini.

"Na timu inaitwa je?"

Nikamtajia jina la timu ya kijiji chetu. Akalirudia polepole mara mbili, mpaka alipolipata sawasawa, kisha akaniuliza tutacheza tena lini, na nani.