Picha Namba 17

Mtakwimu wetu hakuwa na desturi ya kumwita mtu ofisini kwake bila sababu. Kwa hiyo aliponiita alasiri ile, akafunga mlango na kunisogezea kiti, nilijua kwamba kuna mahali utafiti wetu umeharibika, ila sikudhani hata kidogo kwamba mahali penyewe ni katika macho yangu.

Wakati huo nilikuwa katika mafunzo ya ubingwa wa upasuaji wa mifupa, na nilikuwa mmoja wa wasomaji wawili wa picha za eksirei katika utafiti uliohusu watu waliovunjika mfupa wa muundi. Wagonjwa wote walikuwa wamewekewa msumari ndani ya mfupa. Kundi moja liliruhusiwa kukanyaga mara tu maumivu yalipopungua, na kundi la pili lilisubiri wiki sita. Swali lilikuwa ni kundi gani litakuwa na mifupa mingi iliyounga ifikapo mwezi wa sita baada ya upasuaji, na ni kundi gani litakuwa linatembea vizuri zaidi. Ugawaji ulifanywa kwa bahati nasibu, kwa bahasha zisizopenya mwanga ambazo mtaalamu wa fiziotherapia alizifungua baada ya upasuaji kwisha, na mapitio ya wiki za mwanzo, ambapo magongo yangefichua siri, yalifanywa na watu wengine kabisa. Sisi wasomaji hatukujua nani yuko kundi gani, na tulijivunia jambo hilo.

Profesa aliyeongoza utafiti alikuwa na sababu ya kuchagua swali hilo. Alizoea kutuambia kwamba fani yetu ina shida ambayo watafiti wa vidonge hawaijui: kidonge cha dawa na kidonge cha uongo vinaweza kufanana, lakini ukilinganisha mfupa ulioshikizwa kwa bamba la chuma na ulioshikizwa kwa msumari, chuma kinajitangaza chenyewe kwenye picha, na msomaji hawezi kujifanya hakukiona. Katika utafiti wetu chuma kilikuwa kilekile kwa wote. Mfano aliopenda kuutaja ni ule wa Bruce Moseley na wenzake wa Houston, ambao mwaka 2002 walichapisha matokeo ya wagonjwa 180 wenye goti lililolika. Baadhi yao walisafishwa goti kwa kamera, na wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa, bila kujua. Katika ufuatiliaji wa miaka miwili, waliosafishwa goti hawakuwapita waliochanjwa ngozi, si kwa maumivu wala kwa uwezo wa kutembea. Profesa alisema kwamba aliposoma ripoti ile alikaa na kuwahesabu wagonjwa aliokuwa amewasafisha yeye mwenyewe, kisha akaacha kuhesabu.

Kazi yangu ilionekana nyepesi. Tulitumia kipimo cha kuunga kwa mfupa kiitwacho RUST, kilichochapishwa mwaka 2010, ambacho humtaka msomaji atazame kuta nne za mfupa: mbili katika picha iliyopigwa kutoka mbele na mbili katika picha iliyopigwa kutoka ubavuni. Kila ukuta hupewa alama 1 ikiwa mstari wa mvunjiko unaonekana na hakuna mfupa mpya, alama 2 ikiwa mfupa mpya umeanza lakini mstari bado upo, na alama 3 ikiwa mfupa mpya umevuka na mstari umetoweka. Jumla ndogo kabisa ni 4, na kubwa kabisa ni 12. Kwenye karatasi jambo hili ni wazi kama hesabu ya mtoto, lakini mbele ya picha halisi si hivyo. Mguu ukizungushwa kidogo tu wakati wa kupiga picha, mstari uliokuwa ukionekana jana hujificha leo. Msumari wenyewe hufunika sehemu ya kile unachotaka kukiona. Na kati ya mfupa mpya uliovuka na ule unaokaribia kuvuka pana ukungu ambamo msomaji huona anachotarajia kuona. Ndiyo maana kila picha ilisomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake.

Baada ya picha kadhaa kukamilika, mtakwimu alilinganisha alama zetu. Alikuwa ametuonya tangu mwanzo tusifurahie asilimia. Ikiwa wasomaji wawili kila mmoja anasema "umeunga" kwa picha 9 kati ya 10, alitueleza, wanaweza kukubaliana kwa asilimia 82 ya picha hata kama wote wawili wamefumba macho na wanabahatisha. Kwa hiyo alitumia kapa, kipimo alichokibuni Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huondoa kwanza makubaliano ya bahati na kupima yale yanayobaki: sifuri ina maana kwamba hamkubaliani zaidi ya bahati, na moja ina maana kwamba mmekubaliana kikamilifu.

"Wewe na mwenzako mnapatana vizuri," alisema, akinigeuzia karatasi, "isipokuwa hapa." Alikuwa amezungushia duara safu ya namba. Katika picha zile alama zangu zilikuwa juu kuliko za mwenzangu karibu kila mara, kwa pointi mbili, mahali pengine tatu. "Mimi nina namba tu, Daktari. Sina majina wala sina mafaili. Picha hizi zina nini?"

Tulizifungua kwenye kompyuta yake moja baada ya nyingine. Mbili za kwanza hazikuniambia kitu. Kisha ikaja namba 17, na kabla sijatazama mvunjiko niliiona parafujo ya chini, karibu na kifundo, iliyokuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, ncha yake imechungulia nje ya mfupa kwa milimita chache. Niliikumbuka parafujo ile. Niliiweka usiku, mwishoni mwa zamu ndefu, nikajiambia kwamba milimita chache hazina madhara, na kweli hazikuwa na madhara, lakini nilikuwa nimezibeba moyoni tangu siku ile. Nilirudi kwenye zile mbili nikazitazama upya, mara hii nikitazama ncha za msumari badala ya mvunjiko, na hapo nazo nikazitambua.

Nilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Sitajisingizia ushujaa: wazo la kusema kwamba picha hizi zilipigwa vibaya lilinipitia, na lingeaminika.

"Wagonjwa hawa niliwapasua mimi," nilisema mwishowe.

Hakushangaa, na hakukunja uso. Alifungua itifaki, yaani andiko la mpango wa utafiti, na kunisomea sentensi ambayo sote tulikuwa tumeipitisha, pamoja na kamati ya maadili: kwamba msomaji wa picha asijue mgonjwa yuko kundi gani. Hapakuwa na neno lolote juu ya msomaji anayeijua kazi ya mkono wake. Tulikuwa tumeficha kundi, tukasahau kumficha mpasuaji. Nami naona hadi leo kwamba kosa la itifaki lilikuwa dogo kuliko langu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeziona parafujo zile wakati wa kusoma mara ya kwanza na sikuuliza.

Alichokifanya baada ya hapo kilikuwa cha mtu anayeipenda kazi yake. Alichukua picha zangu zote, akazifunika kwa weusi juu na chini hadi ukabaki mvunjiko wenyewe na kipande cha msumari kisicho na alama yoyote, akazichanganya na za wapasuaji wengine, akazipa namba mpya, kisha akaziweka kando kwa wiki kadhaa ili kumbukumbu yangu ipoe. Siku aliponipa kuzisoma nilikuwa mkali kuliko kawaida, maana nilijua ninapimwa mimi na si mfupa, lakini ukali huo ulizipata picha zote kwa usawa, kwa hiyo haukunisaidia. Alama za picha za wapasuaji wengine zilibaki karibu na zile za mwanzo. Za kwangu zilishuka, isipokuwa moja iliyopanda. Namba 17, ambayo mara ya kwanza niliipa 11, safari hii niliipa 8, tena nakumbuka nilivyojiuliza nani aliyemtibu mgonjwa huyu.

Profesa alipopewa taarifa alitafuta njia ya kutufariji. Alisema kwamba nilikuwa nimepasua wagonjwa wa makundi yote mawili bila kujua nani ni nani, kwa hiyo upole wangu uliwaangukia wote sawasawa na haukuegemea upande. Mtakwimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, kwamba hapo ndipo penye hasara. Ukiwaita "waliounga" watu ambao hawajaunga, katika makundi yote mawili kwa kiasi kilekile, unayafanya makundi yafanane kuliko yanavyofanana. Tofauti ya kweli, kama ipo, inazama, na utafiti unaandika kwamba hakuna tofauti. "Kosa lisilopendelea upande, Profesa, bado linapendelea jibu," alisema. Sijawahi kuisahau sentensi ile.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Itifaki ilirekebishwa ili mtu asisome picha ya mgonjwa aliyempasua, kamati ya maadili iliarifiwa, picha zote zikasomwa upya zikiwa zimefunikwa, na alama zangu za mwanzo zikahifadhiwa kwenye kumbukumbu za utafiti badala ya kufutwa. Katika mafunzo yetu tulikuwa tumesimuliwa habari za Ernest Codman wa Boston, aliyetaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa hadi ijulikane kama tiba imemfaa, na ambaye alichapisha kwamba kati ya wagonjwa 337 waliotoka katika hospitali yake ndogo kuanzia mwaka 1911 hadi 1916 alihesabu makosa 123. Tulikuwa tukimsifu Codman kwa urahisi sana darasani. Kuiona safu yangu ya namba ikihifadhiwa pale ambapo mkaguzi yeyote angeisoma lilikuwa jambo jingine.

Lakini namba 17 haikuniacha. Kwa ruhusa ya Profesa nililitafuta faili la mgonjwa, na humo nikakuta karatasi mbili za siku moja, siku ya mapitio ya mwezi wa sita. Ya kwanza ilikuwa ya kliniki, kwa mwandiko wangu: mfupa umeunga, anaendelea vizuri. Ya pili ilikuwa fomu ya utafiti ambayo muuguzi humjazia mgonjwa kwa kumuuliza maswali yaliyopangwa, moja baada ya jingine, bila kumsaidia kujibu. Humo mgonjwa alikuwa amesema kwamba anapata maumivu anapopanda ngazi, kwamba hawezi kupiga magoti, na kwamba jioni mguu humlazimisha kuketi. Karatasi hizo mbili zilikuwa zimelala pamoja katika faili moja kwa miezi mitatu, na hakuna mtu aliyeziweka kando kwa kando, kwa kuwa moja ilikuwa ya matibabu na nyingine ilikuwa ya sayansi.

Nilimpigia simu mimi mwenyewe, nikamwomba aje.

Alikuja na fimbo. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitika, "Marahaba, daktari wangu," kwa furaha iliyonichoma. Nilimuuliza kama mguu unamuuma. Akasema kwenye ngazi tu, na jioni kidogo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya mwezi wa sita, alinitazama kama mtu anayefikiria namna ya kusema jambo bila kumuudhi mdogo wake.

"Uliifurahia mno ile picha," alisema. "Nikaona nisikuharibie."

Tulimpiga picha mpya, za mbele na za ubavuni. Nilikuwa najua vizuri hoja ya kusubiri: katika utafiti wa SPRINT uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 1,200 wa misumari ya muundi, itifaki iliwazuia wapasuaji wasikimbilie upasuaji wa pili kabla ya miezi 6 kwa ajili ya mfupa uliochelewa kuunga, na watafiti wale waliona kwamba subira hiyo huenda iliwaepusha wengi na kisu ambacho hawakukihitaji. Ila mzee huyu alikuwa katika mwezi wa tisa tangu apasuliwe, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho kustahili kuamua kama subira yake ilikuwa subira au uzembe wangu.

Picha zilipotokea kwenye skrini sikuutazama mvunjiko. Niliwaomba wa eksirei wazifunike juu na chini, nikampelekea mwenzangu bila kumwambia ni za nani wala kwa nini nazitaka haraka. Kisha nikatoka, nikamkuta mzee kwenye benchi la ukumbini, fimbo imelala mapajani, nikaketi karibu naye tukawa tunangoja.