Saladi ya matunda yenye ramu: kumbukumbu ya bakuli la watu 12

Vipimo vya matunda yakishamenywa: tikitimaji gramu 800, nanasi 500, embe 400, zabibu 300. Ramu nyeupe ya asilimia 40, mililita 300. Ndimu 2, sukari gramu 60, mnanaa kiganja kimoja.

Kwanza hesabu ya kilevi. Mililita 300 za ramu hiyo zina mililita 120 za kilevi halisi, kama gramu 95, kwa hiyo kila mtu anapata gramu 8 hivi. Utamu wa matunda huficha ukali, na anayerudia bakuli la tatu hahisi alichokunywa. Ndiyo maana ramu haiongezwi hata ikionekana haisikiki mdomoni.

Jioni ya kuamkia sherehe

Nanasi na zabibu ndiyo yameloweshwa, kwa sababu nyama yake inastahimili usiku mzima. Nanasi limekatwa vipande vya sentimita 2. Vikiwa vidogo zaidi hulegea, vikiwa vikubwa ramu haifiki katikati. Zabibu zote zimepasuliwa nusu, maana ganda lake lina nta na ramu haipenyi kirahisi.

Mililita 300 hazitoshi kufunika gramu 800 za matunda kwenye bakuli pana. Vipande vya juu vingebaki vikavu. Mfuko wa plastiki wa kufunga, uliokamuliwa hewa, unatatua jambo hilo vizuri kuliko kuongeza pombe. Mfuko umelazwa kwenye friji, nyuzi 4, na unageuzwa kabla ya kulala.

Sukari bado. Hapa ndipo saladi nyingi huharibikia: sukari ikitangulia huvuta maji ya tunda nje, tunda linasinyaa, na ramu inaishia kwenye mchuzi.

Siku yenyewe

Saa mbili kabla ya kuandaa: embe limeingia. Linatakiwa liwe limeiva lakini bado gumu kidogo. Lililoiva sana huvurugika likikorogwa.

Saa moja kabla: tikitimaji. Takriban asilimia 92 yake ni maji, na likikaa muda mrefu huyaachia yote na kuzimua kila kitu. Sukari imeyeyushwa kwenye maji ya ndimu ndipo ikamiminwa, ili punje zisibaki chini.

Mnanaa unachanwa dakika ya mwisho, kwani majani yaliyokatwa hubadilika kuwa meusi. Ndizi na tufaha hayamo: ndimu huchelewesha tu kubadilika rangi, haizuii. Malai yapo kwenye chombo chake na kila mtu anajipakulia. Nanasi bichi lina kimeng'enya cha bromelaini kinachovunja protini ya maziwa, hivyo malai yaliyochanganywa mapema hukatika na kuwa machungu.

Bakuli la kioo limewekwa ndani ya beseni la barafu. Barafu isitiwe kwenye saladi yenyewe. Kila anayepakua akoroge kutoka chini, kwa sababu mchuzi wenye ramu hukusanyika huko na wa mwisho angepata sehemu kali zaidi. La watoto, na la wanaoendesha magari, linatengenezwa kwa juisi ya chungwa badala ya ramu, lina kijiko chake na limeandikwa wazi.

Ramu kiasi hiki haihifadhi matunda. Yaliyokaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili yanatupwa. Yaliyobaki kwenye beseni la barafu yarudi friji na yaliwe kesho yake.